Tunahesabu saa, tunasahau sahani na kidonge

Miezi ya karibuni, hapa Tanga, ukikaa barazani Ngamiani au ukipanda daladala ya Raskazone, hukosi kumsikia mtu akisema yuko "kwenye 16". Maana yake anakaa saa 16 bila kutia kitu tumboni isipokuwa maji au chai kavu isiyo na sukari, kisha milo yake yote anaiingiza ndani ya saa 8 zilizobaki. Mwanzo lilikuwa jambo la wanaotaka kupunguza kitambi kabla ya harusi. Sasa limeingia kwa wenye kisukari, na limeingia kwa kishindo: sauti zinazorushwa kwenye simu zinasema mfungo huu unamaliza ugonjwa, na baadhi yake zinamwambia mgonjwa aweke vidonge kabatini. Upande wa pili wapo wauguzi, na wapo watoto wanaouguza wazazi wao, wanaoshikilia kwamba mwenye kisukari hatakiwi kufunga hata siku moja, kwisha maneno.

Kwa maoni yangu pande hizi mbili zinagombea ganda na kiini wamekiacha. Kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata watu wazima wengi, kinaweza kupoa. Hilo limepimwa na kuthibitishwa. Lakini kinachokipoza ni kuondoka kwa mafuta yaliyo ndani ya ini na kongosho, na kukaa na njaa kwa saa kadhaa ni njia moja tu ya kufika huko, tena njia ambayo kwa mtu anayemeza aina fulani za dawa inaweza kumwangusha asubuhi moja tu. Swali la "saa ngapi" limefunika maswali mawili mazito zaidi: sahani imepungua kiasi gani, na kidonge gani kiko kwenye damu wakati tumbo liko tupu.

Nimetumia neno kupoa kwa makusudi. Kidonda hupona, makaa ya jiko hupoa, na chini ya majivu moto unaweza kuwa bado upo. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu wa kisukari lilikubaliana kwamba ugonjwa uhesabiwe umepoa pale kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, kinapokuwa chini ya asilimia 6.5 na mgonjwa ameshakaa angalau miezi 3 bila dawa ya kushusha sukari. Wataalamu hao hawakusema kupona, kwa sababu mafuta yakirudi, sukari nayo hurudi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa Makorora kwamba amepona na hana haja ya kliniki tena amempotosha, hata kama kipimo cha wiki hiyo ni kizuri kiasi gani.

Ili kuelewa kwa nini saa peke yake haitoshi, tuanze na jambo linalowashangaza wagonjwa wengi. Mtu amekula saa 1 jioni, amelala, ameamka saa 12 asubuhi hajaonja kitu, anapima sukari anakuta milimoli 9 au 10 kwa lita. Imetoka wapi? Imetoka kwenye ini lake mwenyewe. Ini ni ghala: mchana tunapokula linaweka akiba, usiku linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula, na insulini ndiyo inayoliambia kwamba sasa inatosha. Ini lililojaa mafuta halisikii tena. Linamwaga sukari usiku kucha, huku kongosho, nalo likiwa limeingiwa na mafuta, likishindwa kutoa insulini ya kufidia. Mtu wa namna hiyo anaweza kufunga saa 12, 14 au 16, na ini lake likaendelea kumlisha sukari ambayo hakuitia mdomoni.

Maelezo haya aliyatoa Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, mwaka 2008, yakiwa bado dhana, kisha akaenda kuyapima. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 11 waliopewa chakula cha kalori 600 hivi kwa siku. Ndani ya siku 7 tu sukari yao ya asubuhi ilishuka kutoka wastani wa 9.2 hadi 5.9, na mafuta ya ini yakapungua kwa asilimia 30. Kikafuata kipimo kikubwa zaidi, utafiti ulioitwa DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza kwa watu 306. Matokeo yake ya mwaka wa kwanza, yaliyotoka mwaka 2017, yalionyesha kwamba asilimia 46 ya waliopewa mpango wa chakula kidogo walikuwa hawana tena sukari ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Kati ya wale waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Baada ya miaka 2 ile 46 ilishuka ikawa 36, kwa kuwa baadhi waliongezeka uzito tena.

Sasa tuulize: watu hawa walifunga saa ngapi? Hawakufunga. Kwa miezi 3 hadi 5 walikunywa supu na vinywaji vya unga maalumu kila siku, kalori 850 hivi kwa jumla, wakizigawa katika milo midogo. Hakuna aliyewaambia wasubiri hadi saa 6 mchana. Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote tulio nao kuhusu kupoza kisukari kwa chakula, na mfungo haumo ndani yake. Uzito na mafuta ya ndani vilipoondoka, ini lilianza kusikia tena. Niongeze, kwa sababu huachwa mara nyingi: waliochaguliwa walikuwa na uzito uliozidi, hawakuwa wakichoma insulini, na ugonjwa wao ulikuwa umegunduliwa ndani ya miaka 6. Mtu mwenye kisukari cha miaka 20 asijipime kwa takwimu hizo.

Baada ya kusema hivyo, itakuwa dhuluma kuutupa mfungo. Una hoja nzito, na nzito kuliko zote mara chache huitaja hata mashabiki wake. Nyumba nyingi za hapa hula pamoja. Sinia likiwekwa mkekani, wali wa nazi na mchuzi wa kibua, wanakaa watu 5 au 6, na hakuna namna ya kumwambia mama wa nyumba ahesabu kalori za tonge lake. Ushauri wa "pima gramu 50 za wanga" uliandikwa kwa mtu anayekula peke yake, kwa uma, chakula kilichotoka kwenye pakiti yenye maandishi. Mstari wa saa unafahamika na kila mtu: baada ya wakati fulani sili. Hauna gharama, hauhitaji mizani, na kwa watu waliozaliwa wakiwaona wazazi wakifunga Ramadhani, Jumatatu na Alhamisi, au Kwaresima, si kitu kigeni. Nidhamu yake tunayo tayari.

Na tafiti zinaunga mkono kiasi hicho. Huko Adelaide, Australia, wagonjwa 137 wa aina ya pili walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Nusu walikula kidogo kila siku, nusu walikula kawaida siku 5 za wiki na siku 2 wakala kalori 500 hadi 600 tu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha sukari imeshuka kwa viwango visivyopishana sana. Mwaka 2023 watafiti wa Chicago waliwafuatilia wagonjwa 75 kwa miezi 6, baadhi wakila kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku bila kuhesabu chochote, wengine wakihesabu kalori. HbA1c ilishuka kwa takribani nukta 0.9 kwa makundi yote mawili. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa China wa watu 405 waliokuwa wamegunduliwa karibuni na wenye uzito uliozidi: wiki 16 za mpango wa siku 5 kwa 2 zilishusha HbA1c kwa nukta 1.9, wakati dawa ya kisukari ya metformini ilishusha kwa 1.6 na ile ya empagliflozini kwa 1.5. Huu wa mwisho ndio unaotajwa sana kwenye sauti za simu, na unatajwa kwa haki. Kinachokatwa ni sentensi ya pili: waliofuata mpango huo walipungua karibu kilo 10, na waliomeza dawa kama kilo 5 na nusu. Ni mizani ileile ya Newcastle, imefikiwa kwa mlango mwingine.

Anayetaka kujua saa peke yake ina nguvu gani atazame utafiti wa Guangzhou wa mwaka 2022. Watu 139 wenye unene wote walipunguziwa chakula kwa kiwango kilekile kwa mwaka mzima, ila kundi moja liliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri tu. Mwisho wa mwaka kundi la saa lilikuwa limepungua kilo 8, lile jingine kilo 6.3, tofauti ambayo kwa hesabu za kitaalamu haikutosha kusema saa ndiyo iliyoifanya. Chakula kikilingana, mfungo hauna miujiza ya ziada ya kutegemewa.

Kuna jambo moja ambapo natofautiana kidogo na wanaosema saa haina maana kabisa. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa 1 ni saa ya kwanza ya nuru. Mwili nao una hesabu inayofanana na hiyo. Kwa watu wengi insulini hufanya kazi vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, na sahani ileile ya wali inayoliwa saa 3 usiku hupandisha sukari zaidi kuliko ingeliwa saa 3 asubuhi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwachukua wanaume 8 waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari, wakawalisha kwa wiki 5 ndani ya saa 6 tu, mlo wa mwisho ukiwa kabla ya saa 9 alasiri. Hawakupungua uzito, maana walilishwa kiasi kilekile, lakini insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi na presha ikashuka. Watu 8 ni wachache mno kujengea sera. Hata hivyo mwelekeo huo unaniambia kitu kuhusu namna tunavyofanya "16" hapa Tanga. Wengi wetu tunaruka chai ya asubuhi, ambayo pengine ingekuwa uji na mbaazi, halafu tunafungua mchana, tunapiga wali wa usiku, na kabla mlango wa kula haujafungwa tunamalizia na chipsi mayai. Tumekata upande wa siku ambao mwili unauweza na kuuacha ule unaoulemea.

Najua kwa nini. Mlo wa usiku ndio wa familia. Baba amerudi kutoka bandarini au kiwandani, watoto wametoka madrasa, na kumwambia mtu asikae kwenye sinia hilo ni kumtoa kwenye nyumba yake mwenyewe. Hii si hoja ndogo, na mshauri wa lishe asiyeiona hatasikilizwa.

Sasa nije kwenye hoja nisizoziheshimu. Ya kwanza ni ile ya Tuzo ya Nobel. Husemwa kwamba Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kuthibitisha kuwa mtu akifunga saa 16 chembe za mwili hujisafisha na magonjwa huondoka. Ohsumi alipewa tuzo hiyo kweli, kwa kazi kubwa ya kueleza jinsi chembe hai inavyovunja na kutumia tena takataka zake. Lakini kazi hiyo aliifanya kwenye hamira, hamira hii hii ya mkate wa kumimina, na aliichunguza chembe iliyonyimwa lishe maabara. Hakumpima mtu mwenye kisukari na hakutaja saa 16. Kutoka kwenye hamira iliyonyimwa chakula hadi bibi wa Pongwe kuacha dawa zake ni safari ndefu ambayo hakuna mtafiti aliyeikamilisha.

Ya pili ni ya babu zetu, kwamba walikula mara moja kwa siku na hawakuugua. Ni kweli kwamba kisukari kilikuwa kichache vijijini. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri havikulingana, lakini hakuna anayeweza kusema ugonjwa haujaongezeka. Tujiulize basi kilichobadilika. Mzee aliyekata mkonge kutwa au aliyelima muhogo Muheza na kurudi kwa miguu hakuwa akikaa na njaa kwa mpango. Alikuwa akitumia alichokula. Soda haikuwa kinywaji cha kila siku na mafuta ya kukaangia hayakuuzwa kwa kipimo cha bei ya chini kila kona. Kuchukua njaa peke yake kutoka kwenye maisha hayo na kuacha jembe ni kuchukua sehemu isiyo na kazi.

Upande wa wapinzani pia una hoja yake dhaifu. Machi 2024, kwenye mkutano wa wataalamu wa moyo huko Chicago, ilitolewa taarifa kwamba wanaokula ndani ya saa 8 wana hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kubwa zaidi kwa asilimia 91. Namba hiyo ilizunguka dunia kwa siku moja. Ilitokana na Wamarekani zaidi ya 20,000 walioulizwa walikula nini kwa siku 2 tu, kisha wakafuatiliwa miaka. Mtu anayekula ndani ya saa 8 siku ya kuulizwa anaweza kuwa mgonjwa asiye na hamu ya kula, maskini asiye na cha kula, au mfanyakazi wa zamu za usiku. Utafiti wa namna hiyo unaweza kumfanya mtu aulize maswali. Hauwezi kuthibitisha kwamba mfungo unaua. Hofu ya maana haiko Chicago. Iko kwenye pakiti ya dawa nyumbani.

Mama yangu mdogo anaishi Makorora na ana miaka 63. Mwaka jana aliingia kwenye 16 baada ya kusikia sauti moja kutoka kwa shemeji yake. Alimeza kidonge cha asubuhi saa 1 kama alivyozoea, akasubiri ifike saa 6 ndipo ale. Saa 4 jirani alimkuta ameketi uani kwenye mkeka, jasho linamtiririka, anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Wote wakasema presha. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua ambaye marehemu mumewe alikuwa na kisukari: aliona bado anaweza kumeza, akakoroga sukari kwenye maji akamnywesha, kabla hata ya mtu kukimbilia bajaji. Saa 16 zenyewe mama mdogo alikuwa amezishika barabara. Kilichomwangusha ni kidonge, kilichoishusha sukari yake kupita kiasi.

Kidonge hicho ni glibenklamidi, na wagonjwa wengi nchini wanakijua. Kazi yake ni kuiamrisha kongosho itoe insulini, na haiulizi kama tumbo lina kitu. Nguvu yake inaweza kukaa mwilini hadi saa 24, na kwa mtu mzima ambaye figo zake zimechoka hukaa zaidi. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu liliweka tahadhari kwamba haifai kwa watu waliopita miaka 60. Insulini ya kuchoma nayo ina hatari hiyohiyo, na gliklazidi, kidonge kingine cha kisukari, inayo pia ingawa kwa kiwango kidogo. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari hadi mtu aanguke. Kwa hiyo watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kufunga saa zilezile, kwa chakula kilekile, mmoja akapungua uzito kwa usalama na mwenzake akakutwa hajitambui, na tofauti yao yote imeandikwa kwenye kipande cha karatasi cha kliniki. Kwa kisukari cha aina ya kwanza, kile cha watoto na vijana wasio na insulini yao wenyewe, habari ni fupi: kuacha insulini ili "kufunga" kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Hili tulipaswa kulijua kabla ya 16 kuja, kwa sababu Ramadhani ilitufundisha. Utafiti wa mwaka 2001 uliohusisha zaidi ya wagonjwa 12,000 wa nchi 13 uligundua kwamba katika mwezi wa Ramadhani sukari kushuka hadi kulazwa hospitali iliongezeka mara 7 na nusu kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Ikumbukwe kwamba hapa kwetu, karibu na ikweta, mfungo wa Ramadhani huwa saa 13 hadi 14 mwaka wowote, pungufu ya hizo 16. Na mwezi huo unajibu pia lile swali la sahani. Kama saa za njaa zingetosha kupoza kisukari, pwani yote ya Tanga ingekuwa imepoa kila Shawali. Haiwi hivyo, kwa sababu jua likizama kinakuja kitu kingine: uji wa sukari, tende, kaimati, tambi, ndizi mbivu za nazi, mihogo ya nazi, na daku juu yake. Tunafunga mchana, wakati mwili unakiweza chakula, na kula usiku. Funga ya ibada haikuwekwa iwe tiba ya kisukari na haistahili kupimwa kwa mizani hiyo, lakini anayedai njaa pekee inatosha ana mwezi mzima kila mwaka unaomkanusha.

Kuna kundi moja ambalo mjadala huu umelisahau kabisa, nalo ni wagonjwa wembamba. Kliniki zetu zina watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawajawahi kuwa na kitambi. Takwimu za Newcastle na China zilichukuliwa kwa watu wenye kilo za kupoteza. Mwembamba akikaa na njaa anapoteza nyama ya misuli, na misuli ndiyo inayokula sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Tena kupungua uzito ni dalili ya sukari iliyopanda bila kudhibitiwa, na ni dalili ya kifua kikuu, ugonjwa ambao mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kuupata karibu mara 3 kuliko asiye nacho. Nimewahi kusikia mtu akipongezwa msibani kwamba "mfungo umekukubali", mashavu yameingia ndani, suruali imefungwa kwa kamba, na anaamka mara 4 usiku kwenda haja ndogo. Pongezi ile ilinitisha, kwa sababu dalili zote zilikuwa za ugonjwa uliowaka na sisi tulikuwa tunaushangilia.

Tukikubali kwamba kiini ni sahani na kidonge, basi kazi ya kliniki inabadilika. Amri ya "usifunge" haifanyi kazi Tanga. Mgonjwa anaitikia, anaondoka, anafunga, na safari ijayo haendi kusema. Swali lenye faida ni "unafunga lini, na unameza nini?", liulizwe kwa kila mgonjwa, wa Ramadhani, wa Kwaresima na wa 16, kwa sauti ileile isiyo na lawama. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unataka mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, apimwe hatari yake, na dozi zipangwe upya. Wengine washushiwe, wengine wahamishiwe wakati, wengine waambiwe wazi kuwa mwaka huu hapana. Kwa kalenda yetu hiyo ni nusu ya kwanza ya Rajabu, na sijui tangazo lenye thamani zaidi ambalo imamu angeweza kulitoa baada ya swala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo. Qurani yenyewe, Sura al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kutimiza siku nyingine. Mwongozo huo unasema pia kwamba kujipima sukari kwa kidole hakubatilishi funga, na kwamba sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mtu afungue hapo hapo. Namba hizo 2 zingestahili kubandikwa kwenye kila duka la dawa kuanzia Chumbageni hadi Pangani, karibu na mashine za kupimia, ambazo vijiti vyake bado ni ghali kwa wengi.

Mama mdogo aliulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza baada ya kuanguka. Daktari alimbadilishia dawa, akamweleza kwamba akitaka kuendelea kubana saa zake anaweza, ila abane upande wa usiku, ajipime, na asiache kurudi. Wali ameuhamishia mchana, na nusu ya kile alichokuwa akila. Magharibi ikiingia ameshamaliza. Sinia la saa 2 usiku bado anakaa nalo kama zamani: anawachambulia wajukuu miiba ya samaki, anawasimamia wasipiganie kichwa cha kibua, na mkononi ana kikombe cha chai ya mchaichai isiyo na sukari.